Mtoto Aliyeniita Guka

Kabla sijaanza nikuambie hivi: mimi si mlevi, sijawahi kuugua kichwa, na kanisani naimba sauti ya nne kila Jumapili. Kazi yangu ni kukata vioo vya miwani katika duka moja katikati ya jiji la Nairobi, orofa ya pili, na ukifanya kazi ya macho kwa miaka mingi unajifunza kutazama kitu kilivyo, si unavyotamani kiwe. Haya ninayokusimulia niliyaona mwenyewe, na baadaye mke wangu akayaona. Ukitaka kucheka, cheka. Nimechekwa na ndugu zangu wa tumbo moja, sembuse wewe.

Tulikuwa na binti mmoja tu, Nyambura. Tulimpata baada ya kungoja sana, wakati watu walikuwa wameshaacha kutuuliza. Tulikuwa tunaishi Uthiru, kwenye kiploti alichotuachia baba yangu, nyuma ya nyumba za wapangaji. Hapo nyuma kulikuwa na rundo la mawe ya kujengea niliyokuwa nimenunua nikikusudia kuongeza chumba. Chumba hakikujengwa, mawe yakawa kiti chetu.

Mwanzoni mwa ule mwaka wa korona, kabla shule hazijafungwa, kulikuwa na habari za nyota moja nyekundu. Unaijua hata kama hujui jina lake. Ukitoka nje jioni mwezi wa kwanza ukaangalia juu, kuna nyota tatu zimejipanga mstari mmoja. Ile nyekundu iko pembeni yao, upande wa kaskazini. Ilikuwa imeanza kufifia. Nyota zinazopanda na kushuka mwanga ziko nyingi, lakini hii ilishuka kuliko watu walivyoizoea, na wengine wakaanza kusema kwamba huenda inakaribia kulipuka. Ikilipuka, walisema, itaonekana hata mchana.

Nyambura alikuwa na miaka tisa. Alizisikia habari hizo shuleni, na tangu siku hiyo sikupata amani. Kila jioni tukimaliza kula alivaa gambuti zake za kijani za mpira na sweta ya mama yake iliyomfika magotini, akaja kunivuta mkono. Tunakaa juu ya mawe, tunailinganisha ile nyota na majirani zake. Leo imeshindwa na hii. Jana ilikuwa sawa na ile. Mimi sikuwa najua lolote kuhusu nyota, nilikuwa najifunza kwenye simu usiku ili kesho yake nisiaibike mbele ya mtoto.

Jambo moja lilimsumbua. "Dadi, na ikilipuka nikiwa nimelala?"

"Nitakuamsha."

"Hata kama nina usingizi mingi?"

"Hata kama."

"Sema promisi."

Nikasema. Ni nani asingeahidi?

Nyota haikulipuka. Ilirudi polepole ikawa kama zamani, na Nyambura akaikasirikia kabisa, kana kwamba ilimdanganya yeye binafsi. Halafu mvua za masika zikaanza. Siku moja akasema kichwa kinamuuma na shingo haigeuki. Ilikuwa homa ya uti wa mgongo. Madaktari walihangaika naye, hilo nakiri. Lakini ugonjwa ule unakimbia kuliko gari, na sisi tulirudi nyumbani wawili.

Tulimzika wakati wa kafyu, watu wachache, barakoa usoni, kila mtu akiangalia saa ili awe ameingia kwake kabla ya giza. Kaburi lake liko upande wa chini wa kile kiploti, karibu na la babu yake. Hakuna matanga. Hakuna mtu aliyekuja kukesha nasi. Mke wangu alikunja nguo za mtoto akaziweka, na mimi nikarudi kukata vioo.

Sasa nisikilize vizuri hapa, kwa sababu hapa ndipo kisa kinapoanzia. Wakati Nyambura yuko hai, nilikuwa mtu mnene. Alikuwa akiegemeza kichwa kwenye tumbo langu na kuliita mto. Baada yake mwili uliisha. Sukari ikanipata. Nywele ziligeuka nyeupe zote, na ndevu nilizoacha kunyoa nazo zikawa nyeupe, na meno mawili ya mbele yakang'oka. Sijafika hata miaka hamsini, lakini kwenye foleni za benki vijana hunipisha. Watu niliosoma nao hunipita barabarani bila kunisalimia, na siwalaumu. Mke wangu yeye hakubadilika. Huzuni yake ilikaa ndani ambako haionekani.

Na nilikuwa na tabia moja ambayo hata mke wangu hakuijua. Kila jioni nikitoka kazini nilipitia nyuma, nikasimama kando ya mawe, nikasema kwa sauti ndogo, "Nyambura, bado. Haijalipuka." Basi. Halafu naingia ndani kula. Miaka mitano hivi nilifanya hivyo. Nilidhani nazungumza na hewa.

Mwaka jana, mwezi wa sita, mwenye duka akaniita nije nione kitu kwenye simu yake. Ni mama wa Kihindi, mjane, sote pale dukani tunamwita Auntie. Ilikuwa picha ya anga iliyozungushiwa duara jekundu. Kuna nyota mpya imetokea upande wa kusini, akasema, mahali ambapo juzi hapakuwa na kitu. Hazikai, hizi. Zinawaka kwa majuma machache halafu zinapotea.

"Wewe na yule mtoto mlikuwa mnapenda haya mambo," alisema, kisha akaizima simu. Nadhani alijuta. Alikwenda ofisini kwake akarudi na darubini ya macho mawili, ile marehemu mume wake alikuwa akitazamia ndege. "Chukua. Utarudisha ukimaliza."

Mwezi wa sita Nairobi unaujua. Mawingu yanatulalia kama blanketi bovu. Jioni tatu nilitoka nje na darubini nikaambulia baridi tu. Jioni ya nne nilishuka matatu stejini nikakuta mtaa mzima hauna stima. Giza kutoka barabara kuu mpaka kwetu, jenereta moja tu inalia mbali. Nikaangalia juu. Mawingu yalikuwa yamepasuka upande wa kusini, na nyota zilikuwa zimejaa. Sikumbuki mara ya mwisho nilipoona nyota nyingi hivyo Uthiru. Haukuwa hata usiku wa kutisha. Watu walikuwa bado wanarudi kazini, nasikia wapangaji wakiulizana mishumaa.

Sikuingia ndani. Nilikwenda moja kwa moja nyuma, nikasimama kwenye mawe. Nilianzia kwenye zile nyota mbili kubwa zilizo karibu na Msalaba wa Kusini, nikapanda kushoto kama Auntie alivyonionyesha kwenye picha. Nilihangaika. Halafu nikaipata. Kitone tu, hafifu, hakina la ajabu. Kama usingeambiwa ungekipita.

Lakini mimi moyo ulinilipuka. Nikasema kwa sauti, si kwa kunong'ona kama siku zote: "Nyambura, amka. Kuna moja imelipuka. Amka uone."

Niamini, sikutarajia kitu. Nilikuwa nalia na kuangalia.

Nyuma yangu sauti ikasema, "Guka, umeona Dadi?"

Nikageuka. Mtoto alikuwa amekaa kwenye mawe. Guka, kwa sisi Wakikuyu, ni babu, na watoto wa wapangaji huniita hivyo kwa sababu ya mvi, kwa hiyo mara ya kwanza nilidhani ni mmoja wao ametolewa nje na giza. Nikataka kumwambia arudi kwa mama yake. Kisha nikaona gambuti. Nikaona sweta imemfika magotini. Alikuwa anatafuna mkono wa sweta, pale kwenye pindo, kama alivyokuwa akifanya mpaka mama yake akachoka kushona.

Mbwa wa jirani, ambaye hubweka hata karatasi ikipita, alikuwa amelala kifudifudi kando ya ua, pua ameifukia mchangani.

"Dadi yako yuko wapi?" nikauliza.

"Sijui. Ameniita. Alisema ikilipuka ataniamsha. Nimesikia ameniita nikatoka, na sasa simwoni." Alikuwa anapepesa macho kama mtoto aliyetolewa kitandani. "Nangoja yeye."

Wewe ungefanyaje? Ungekimbia? Mimi nilipiga magoti. Nilisema, "Nyambura, ni mimi. Ni mimi Dadi."

Aliniangalia. Aliniangalia mkono, akapandisha macho mpaka kwenye ndevu, akaangalia mdomo wangu pale meno yalipotoka. Na nikaona woga ukimwingia machoni, woga wa mtoto anayeitwa na mtu asiyemjua.

"Wewe si Dadi," akasema. "Dadi ni mnene. Dadi si mzee."

"Nilikonda, mama. Nilikonda tu."

Akasogea nyuma juu ya mawe, na kadiri alivyosogea ndivyo alivyopungua. Sijui nikuelezeje. Hakuenda mbali, alikuwa pale pale, ila nilianza kuona mawe nyuma yake, kupitia sweta. Alikuwa ameanza kulia. Alikuwa anaita "Dadi, Dadi," akiangalia nyumba, akiangalia lango, kila mahali ila kwangu, na mimi niko hapo mikono nimeinyoosha.

Hapo nilielewa kwamba nikisema tena ni mimi, ataondoka na hofu hiyo. Atarudi alikotoka akidhani baba yake hakuja, na mzee mmoja alijaribu kumdanganya gizani. Kwa hiyo nikalimeza neno lile. Nakuambia, sijawahi kumeza kitu kigumu namna ile.

"Nilikuwa natania," nikasema. "Pole. Mimi ni guka wa hapo kwa jirani. Dadi yako amenituma."

Akaacha kulia. "Amekutuma?"

"Amechelewa kazini. Ameniambia, nenda umwonyeshe Nyambura ile nyota, alikuwa anaingoja. Amenipa hii darubini."

"Si angekuja mwenyewe?"

"Alitaka sana," nikasema. "Alitaka sana kuja."

Alifikiri kidogo. Kisha akateremka kwenye mawe, na zile gambuti hazikutoa sauti juu ya kokoto. Akaja akasimama mbele yangu, akanipa mgongo, kama tulivyokuwa tukisimama zamani. Nilishika darubini mbele ya macho yake. Mikono yangu ilikuwa imemzunguka kulia na kushoto na sikumgusa, niliogopa. Nilichosikia ni baridi, baridi kama ya mlango wa friji, ikinipiga kifuani. Nikamwelekeza. Panda kidogo. Kushoto. Hapo.

"Hako kadogo?"

"Hako."

"Guka, hako ndiko kamelipuka?" Alisikitika, nilimsikia. "Mimi nilifikiria itakuwa kubwa kama mwezi."

"Iko mbali sana."

"Hapo mwanzo haikuwepo?"

Nikamwambia yale niliyoyasoma. Kwamba ilikuwepo siku zote, ila ndogo mno hata hakuna aliyejua iko, halafu ikawaka ghafla. Itakaa siku kadhaa, halafu itafifia.

Akaendelea kuangalia. Kisha akauliza, "Inaumwa ikilipuka?"

Siku zile za hospitali hakuweza kusema, na swali hilo ndilo nililolala nalo miaka yote. Nilitaka kumuuliza yeye. Nilifungua mdomo nimuulize, Mungu anajua, lakini yeye ndiye mtoto.

"Hapana," nikasema. "Haiumwi."

"Sawa." Akapiga mwayo. Akajitoa kwenye mikono yangu, akageuka, na kwa mara ya kwanza akanitazama bila woga. Akaniambia kwa adabu, kama mama yake alivyomfundisha kuzungumza na wazee: "Asante, guka. Mwambie Dadi nimeona. Mwambie asiniamshe tena. Kila siku ananiita na mimi nina usingizi."

Akateremka kuelekea chini ya kiploti, kule kuliko na kaburi. Nyasi zilikuwa ndefu na hazikuinama. Nilimwona mpaka pale kwenye ua wa kaburi la babu yake, kisha sikumwona tena. Stima ikarudi baadaye kidogo, nikajikuta nimekaa chini, darubini mapajani, na suruali imelowa umande.

Nilimwambia mke wangu usiku huohuo. Nilimwambia yote, sikupunguza neno, pamoja na ile tabia yangu ya kila jioni. Nilidhani atalia au ataniambia nimeanza kuchanganyikiwa. Alisikiliza mpaka mwisho, akiwa amekaa kitandani na leso mabegani. Kisha akasema polepole:

"Wewe umemwona. Mimi je?"

"Amesema asiamshwe."

"Amekuambia wewe. Mimi sijamwamsha hata mara moja."

Ungekuwa wewe ungemwambia nini mama aliyemzaa? Tangu kesho yake akawa anatoka. Jioni, akiisha kuweka chungu mekoni, anakwenda kwenye mawe, anaita. Mimi nimekaa jikoni nasikia. "Nyambura, kuja. Ni Mami. Kuja kidogo tu." Siku nyingi hakuna kilichotokea. Nikiwa peke yangu na mawingu yakifunguka niliitazama ile nyota. Ilikuwa ikishuka, kila nikiipata inanipa taabu zaidi, mpaka jioni moja nikaangalia mahali pake nisione kitu. Nilimrudishia Auntie darubini yake.

Mke wangu aliendelea kuita.

Siku Nyambura alipokuja, nilikuwa mlangoni. Sikumwona mtoto, nilimwona mke wangu. Alipiga magoti ghafla, akafungua mikono, akaanza kuongea haraka haraka na kitu kilichokuwa kimo cha kifua chake. Kisha mikono ikaanza kukusanya hewa. Anakusanya, anavuta kifuani, anakusanya tena. Ndipo akaketi pale kokotoni na kuanza kuimba, ule wimbo wa kubembeleza ambao sisi wote tulilelewa nao. Aliimba muda mrefu. Mimi nilibaki pale mlangoni.

Aliporudi ndani alinawa mikono, akapakua chakula, akanipa. Hakula. Baadaye akaniambia.

"Amenijua. Amesema, Mami, nimechoka, nibebe nikalale."

"Halafu?"

"Nimejaribu kumbeba." Akaangalia viganja vyake, akavigeuza. "Amelia, Baba Nyambura. Amelia kwa usingizi vile alikuwa analia akiwa mdogo, na hakuna mahali pa kumshika. Nimemwimbia mpaka akanyamaza. Mimi ndiye nimemtoa alikokuwa amelala."

Tangu hapo hajatoka nje jioni. Lakini tuligundua kwamba hatuwezi kujiamini. Nilikuwa nikipita karibu na mawe nauma ulimi. Yeye alikuwa akiamka usiku namkuta ameshika kitasa cha mlango. Mwezi wa nane tulifunga vitu tukahamia Kabiria, nyumba ya kupanga, chumba na sebule, dirisha linatazamana na ukuta wa jirani. Kaka zangu wanasema tumerogwa. Wanauliza ni mtu gani mwenye akili anayeacha shamba la baba yake akakae kwa mwenye nyumba, na mmoja ameshaanza kupima mahali pa kujenga vyumba vyake. Ajenge. Tunachoomba ni asimwage zege chini kule. Tunakwenda kupalilia kaburi mchana, jua likiwa kali, tukiwa wawili, na tukiwa pale hatuzungumzi hata kuombana jembe. Tunaonyeshana kwa mkono.

Juzi Auntie aliniita tena, kuna nyingine imetokea. Kumbe zinatokea mara kwa mara, kuna watu duniani kazi yao ni kuzitafuta tu, wanalinganisha picha ya jana na ya leo. Nilimshukuru. Nikarudi kwenye mashine yangu nikawasha, nikakata kioo cha mama mmoja wa Kawangware aliyekuwa akingoja tangu asubuhi.

Basi nakuomba, wewe unayesoma na una wako aliyelala. Mlilie. Hakuna anayekukataza kulia. Ila mlilie ndani, na usiseme jina lake kwa sauti ya kumwita, na usimwambie kuna kitu kizuri kimetokea ambacho amekosa. Usidhani hakusikii. Anasikia vizuri sana, na kwa kuwa anakupenda atainuka aje, akiwa amechoka hivyohivyo. Na akishafika na kukuomba umrudishe kulala, utajua kwa nini nimekuandikia haya.